Jinsi ya kutengeneza kiunzi cha titani chenye vitundu kwa ajili ya kuunga mfupa

Mfupa uliopoteza kipande kikubwa, iwe kwa ajali au kwa kukatwa uvimbe, mara nyingi hauwezi kuliziba pengo hilo peke yake. Hapo ndipo kipandikizi chenye vitundu kinapohitajika: kinabeba mzigo, na mfupa mpya unakua ndani yake. Mwongozo huu unafuata njia ya unga wa titani na kijaza nafasi (chembe zinazochanganywa na unga, kisha zinaondolewa ili ziache vitundu), kwa sababu inawezekana kwenye maabara yoyote ya metali yenye mizani nzuri, chekeche, kalibu, mashini ya haidroli ya kushindilia na tanuru la ombwe. Printa zinazoyeyusha unga kwa leza au kwa miale ya elektroni zinatoa umbo sahihi zaidi, lakini bei yake ni nyingine kabisa, na hata huko unga ulionasa ndani ya vitundu ni kazi kuutoa.

Niseme mapema: sampuli itakayotoka hapa ni ya utafiti na mafunzo. Haiingii mwilini mwa mtu. Kabla ya kufika huko kuna majaribio ya kibaolojia ya mfululizo wa ISO 10993, mfumo wa ubora wa ISO 13485 na idhini ya mamlaka ya vifaa tiba ya nchi husika.

Amua vitundu kabla ya kugusa unga

Titani iliyojaa, isiyo na kitundu hata kimoja, ina moduli ya Young, yaani kipimo cha ukakamavu, ya gigapaskali (GPa) 110 hivi. Mfupa mgumu wa nje una GPa 10 hadi 30, na ule wa ndani wenye sifongo hauzidi sana GPa 2 au 3. Ukiweka metali ngumu namna hiyo kando ya mfupa, metali ndiyo inayobeba mzigo, na mfupa usiobebeshwa kitu huanza kupungua. Daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Julius Wolff, aliliandika jambo hili tangu 1892: mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaoubeba. Kwa hiyo vitundu vina kazi mbili. Vinaupa mfupa nafasi ya kuingia, na vinapunguza ukakamavu wa metali.

Kwa makadirio ya kwanza tumia kanuni ya Gibson na Ashby: zidisha GPa 110 kwa mraba wa sehemu iliyobaki kuwa metali. Uwazi, yaani sehemu ya ujazo iliyo vitundu, ukiwa 60%, metali ni 0.4, mraba wake ni 0.16, na unapata GPa 17.6. Kwa 70% unapata GPa 9.9. Kwa 80% unapata GPa 4.4. Usishangae kipimo halisi kikitoka chini ya hapo, kwa kuwa kanuni inachukulia kuta ni nzima, na kuta za unga uliochomwa haziwi nzima kabisa.

Ukubwa wa vitundu uwe kati ya mikromita 300 na 600. Chini ya 100 mishipa ya damu inapata shida kuingia, na mfupa hauendi mahali damu haifiki. Muhimu zaidi ya ukubwa ni kwamba vitundu viungane. Kitundu kilichofungwa pande zote hakina faida kwa seli hata moja. Kinadhoofisha metali tu. Kwa uzoefu wa njia hii, kijaza nafasi kikiwa chini ya nusu ya ujazo, vitundu vingi hubaki vimetengana. Kikivuka 75% au 80%, kuta zinakuwa nyembamba mno na kipande kinabomoka mkononi. Mfano wetu utakuwa 60%.

Vifaa vya kununua kwa makini

Unga wa titani uwe safi, chembe zake zisizidi mikromita 45, na uje na cheti cha kemikali. Tafuta ule unaotengenezwa kwa kuijaza titani haidrojeni hadi iwe rahisi kuvunjika, kuisaga, halafu kuiondoa haidrojeni. Chembe zake zina pembe na zinashikana zikishindiliwa. Unga wa duara unaonekana mzuri zaidi kwenye darubini na unamwagika vizuri, lakini ukiushindilia hauna cha kushikia. Unautoa kwenye kalibu unamwagika tena.

Soma mstari wa oksijeni kwenye cheti kabla ya mingine yote. Kiwango cha ASTM F67 kinaruhusu titani ya daraja la 1 kuwa na oksijeni hadi 0.18% kwa uzito, na daraja la 4 hadi 0.40%. Unga laini una eneo kubwa la uso, kwa hiyo unaweza kufika kwako tayari umetumia sehemu kubwa ya kiasi hicho. Kila hatua inayofuata itaongeza kidogo, na hakuna hatua yoyote hapa itakayopunguza. Oksijeni ikizidi, titani inakuwa ngumu na inavunjika bila kupinda.

Kijaza nafasi ninachokipendekeza ni bikaboneti ya amonia. Ikipata joto dogo tu inageuka yote kuwa amonia, kaboni dioksidi na mvuke wa maji, na haiachi kitu. Chumvi ya kawaida ni rahisi na salama kushika, lakini inabidi itolewe kwa maji wakati kipande bado ni dhaifu, na klorini inayobaki ndani ni usumbufu. Urea inafanya kazi pia. Inayeyuka kwenye nyuzi 133 za Selsiasi, na kipande kinaweza kuzama kidogo kabla haijatoka yote.

Ubaya wa bikaboneti ya amonia ni kwamba inapungua hata ikiwa kabatini, inavuta unyevu na inagandana. Ihifadhi kwenye chombo kilichofungwa, mahali pa baridi, na uichekeche siku ileile ya kazi.

Kuhusu usalama, unga wa titani unawaka. Cheche ya umeme tuli inatosha kuuwasha ukiwa umetimka hewani. Unganisha vyombo vya chuma na waya wa ardhini, usifagie unga mkavu, usitumie mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi. Moto wa titani hauzimwi kwa maji wala kwa kizimamoto cha kaboni dioksidi. Metali hii inaendelea kuwaka ndani ya kaboni dioksidi, na hata ndani ya nitrojeni. Weka karibu ndoo ya mchanga mkavu kabisa au kizimamoto cha daraja D, na uhakikishe kila aliye chumbani anakijua.

Hatua ya 1: Piga hesabu kwa ujazo, siyo kwa uzito

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika bila mtu kujua. Mtu anaposema 60% ya kijaza nafasi, ni 60% ya ujazo. Ukipima 60% kwa uzito utapata kitu kingine kabisa, kwa sababu titani ina gramu 4.51 kwa sentimita ya ujazo na bikaboneti ya amonia ina gramu 1.59.

Chukua kalibu ya kipenyo cha milimita 20 na ulenge kimo cha milimita 10. Ujazo ni sentimita za ujazo 3.14. Titani ni 40% yake, yaani 1.257, zidisha kwa 4.51 upate gramu 5.67. Kijaza nafasi ni 60%, yaani 1.885, zidisha kwa 1.59 upate gramu 3.00. Jumla gramu 8.67. Andika namba hizo tatu kwenye daftari, utazirudia baada ya kuchoma. Kipande kitatoka na kimo kinachozidi kidogo milimita 10, kwa kuwa unga ulioshindiliwa hauondoi hewa yote.

Hatua ya 2: Chekecha na changanya

Pitisha bikaboneti ya amonia kwenye chekeche la mikromita 500, kisha chukua kilichobaki juu ya chekeche la 300. Kilichopita chini kabisa kitupe. Vumbi lake linajaza nafasi kati ya chembe za titani na kuacha kuta zenye mashimo yasiyo na mpango.

Mimina chembe hizo kwenye chupa safi, ongeza matone machache ya ethanoli, tikisa mpaka chembe zote zilowe juu tu, bila ethanoli kusimama chini. Ndipo uongeze titani kidogo kidogo huku ukizungusha chupa. Unga unatakiwa uvae kila chembe kama vumbi linavyovaa kiatu kilicholowa. Ukiona chembe nyeupe zinang'aa bila vazi, au unga wa kijivu umekaa peke yake chini, bado haujachanganya. Ethanoli haiyeyushi bikaboneti ya amonia kwa kiasi cha kuleta shida. Ukitumia urea, ethanoli haifai kwa sababu urea inayeyuka ndani yake.

Watu wengi huweka gundi ya maji badala ya ethanoli. Sishauri. Gundi inaacha kaboni, na titani hainyimi nafasi kaboni.

Ukishachanganya, usiigongegonge chupa na usiiweke juu ya meza inayotetemeka. Chembe kubwa na unga laini hutengana kwa mtetemo, na kipande kitatoka na upande mmoja mzito na mwingine mwepesi. Kwa maoni yangu hatua hii ndiyo inayoamua ubora wa kiunzi kuliko zote. Tanuru linakuja kukigandisha tu kile ulichokipanga hapa, na mchanganyiko mbovu hautengenezwi kwa kuongeza joto.

Hatua ya 3: Shindilia

Paka kuta za kalibu asidi ya steariki kidogo sana, halafu ufute mpaka uone kama umeitoa yote. Mimina mchanganyiko mara moja, sawazisha juu, weka mchi.

Anza na megapaskali (MPa) 200. Kwa kipenyo cha milimita 20 hiyo ni kilonyutoni 63, takriban tani 6.4 kwenye geji ya mashini. Pandisha taratibu, shikilia kwa dakika moja, shusha taratibu. Ukishusha ghafla kipande kinajivuta na kupasuka kwa matabaka ya mlalo ambayo hutayaona mpaka baada ya kuchoma. Ukizidisha mgandamizo mno, chembe za kijaza nafasi zinavunjika na kulala, na vitundu vinatoka bapa vyote vikiwa vimelalia upande mmoja. Kiunzi cha namna hiyo kina nguvu tofauti ukikibonyeza kwa juu na ukikibonyeza kwa ubavu.

Kama unataka kipande kirefu kuliko kipenyo chake, shindilia kwa michi miwili kutoka juu na chini. Msuguano wa kuta unakula mgandamizo, na katikati ya kipande kirefu hubaki laini.

Pima kipande, kipe namba, na usikilaze usiku mezani. Harufu ya amonia unayoisikia ni kijaza nafasi kikiondoka kwa wakati wake badala ya kwa wakati wako.

Hatua ya 4: Toa kijaza nafasi

Usifanye hatua hii ndani ya tanuru la ombwe. Amonia na mvuke wa maji vitaingia kwenye pampu na kuharibu mafuta yake, na vitabaki kwenye kuta za tanuru kungojea kazi inayofuata. Tumia oveni ya nyuzi chini ya 250, ndani ya kabati la kufyonza hewa chafu, ikipitishwa arigoni kama ipo.

Pandisha nyuzi 1 kwa dakika hadi 80 na ukae hapo saa mbili, kwa sababu gesi nyingi hutoka katika hatua hiyo. Haraka ya hapa inakipasua kipande kwa ndani. Kisha panda hadi 180, kaa saa nne au tano. Titani kwenye joto hilo haina papara na oksijeni. Ikivuka nyuzi 400 hewani ndipo mambo yanaharibika.

Poza, pima tena. Kipande cha mfano wetu kilikuwa gramu 8.67 na sasa kinatakiwa kiwe karibu na 5.67. Kikiwa 5.9, bado kuna kitu ndani, kirudishe. Kikiwa 5.5, kimedondosha unga, na wakati huu kinadondosha kwa kuguswa tu. Kibebe juu ya sahani yake, usikishike kwa vidole.

Hatua ya 5: Choma kwenye ombwe

Sahani ya kuwekea iwe ya zirkonia au iliyopakwa itria. Titani ya moto inanyang'anya oksijeni kutoka kwenye seramiki nyingi, na inaweza kuganda na sahani. Zungushia kipande vipande vya sifongo ya titani usivyovijali. Hivyo vitameza oksijeni iliyobaki kabla haijafika kwenye kazi yako. Hii ni bima ya bei ndogo.

Vuta ombwe hadi paskali 10⁻³ au bora zaidi kabla ya kuwasha. Panda nyuzi 5 kwa dakika hadi 600. Hapo unga wa njia ya haidrojeni unatoa haidrojeni iliyokuwa imebaki, na utaona geji ya ombwe ikipanda. Subiri ishuke. Kisha panda hadi 1250 na ukae saa mbili hadi tatu. Titani inayeyuka kwenye 1668, kwa hiyo hakuna kinachoyeyuka. Chembe zinakua shingo zinapogusana mpaka zinakuwa ukuta mmoja.

Kama huna ombwe zuri, arigoni safi sana inaweza kutumika. Nitrojeni haifai, hata kama mtu wa mitungi atakuambia ni gesi tulivu. Kwa chuma cha kawaida ni tulivu. Kwa titani siyo.

Acha ipoe ndani ya ombwe hadi chini ya nyuzi 100 kabla ya kufungua mlango. Rangi ndiyo kipimo chako cha kwanza: kijivu cha fedha ni sawa. Dhahabu au buluu maana yake hewa iliingia, na kipande hicho hakifai kupimwa nguvu, achilia mbali kuguswa na seli.

Hatua ya 6: Pima ulichopata

Kipenyo cha mfano kimeshuka hadi milimita 19.2 na kimo ni 10.5. Ujazo ni sentimita za ujazo 3.04. Uzito gramu 5.6 ukigawa kwa ujazo huo ni 1.84, na ukigawa tena kwa 4.51 unapata 0.41. Uwazi ni 59%. Tulilenga 60, kusinyaa kwenye tanuru kumepunguza kidogo, na vitundu vidogo vya ndani ya kuta vimerudisha kidogo.

Uwazi huo ni wa jumla. Kujua ni vitundu vingapi vimeunganika, tumia njia ya Archimedes: pima kikiwa kikavu, kijaze kimiminika chini ya ombwe, pima kikiwa kimezama, kisha kikiwa kimejaa nje ya kimiminika. Tofauti ya kujaa na ukavu, ukiigawa kwa tofauti ya kujaa na kuzama, ndiyo uwazi ulio wazi. Tatizo ni kwamba vitundu vya mikromita 400 vinamwaga maji unapokinyanyua. Nta ya mishumaa (parafini) iliyoyeyushwa inatulia vizuri zaidi, kwa kuwa inaganda kabla ya kupima. Skana ya CT ya vitu vidogo inaonyesha yote haya kwa picha, kama unaweza kuifikia.

Kwa nguvu ya mgandamizo fuata ISO 13314. Sampuli iwe na kimo kati ya mara moja na mara mbili ya kipenyo, kila kipimo kiwe angalau mara kumi ya ukubwa wa kitundu, na kisipungue milimita 10. Diski yetu ni fupi mno kwa kipenyo chake, lakini ukikata ndani yake silinda ya kipenyo cha milimita 10 unapata uwiano unaokubalika. Ikate kwa waya wa cheche za umeme. Msumeno na mashini ya kuchongea vinapakaza metali juu ya vitundu na kuvifunga, na hapo hutapima tena kiunzi ulichokitengeneza.

Moduli usiisome kwenye mwendo wa kichwa cha mashini. Mashini yenyewe inabonyea, na namba yako itatoka chini ya ukweli. Weka kipima mnyumbuko kwenye sampuli, bonyeza, achia, bonyeza tena, kisha soma mteremko wa mzunguko huo.

Hatua ya 7: Safisha na uuandae uso

Osha kwa mawimbi ya sauti kwenye asetoni, kisha ethanoli, kisha maji yaliyokenekwa, dakika 15 kila moja. Kila kimiminika kipya kivutie ombwe kidogo kipande kikiwa ndani, la sivyo hewa iliyonasa itazuia kisifike katikati.

Ukitaka uso unaoupokea mfupa haraka zaidi, iko njia ya alkali ya Kokubo ya miaka ya 1990: loweka kwenye hidroksidi ya sodiamu ya mol 5 kwa lita, yaani gramu 200 kwa lita, kwenye nyuzi 60 kwa saa 24. Suuza, kausha, kisha choma kwenye 600 kwa saa moja. Hapo unapata tabaka jembamba la titaneti ya sodiamu, na ndani ya kimiminika kinachofanana na maji ya mwili, kwenye nyuzi 37, apataiti, madini yanayofanana na ya mfupa, inajijenga juu yake. Mimina hidroksidi kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye hidroksidi, na tumia chombo cha polipropilini kwa sababu alkali ya moto inakula kioo. Kusuuza ndiko kunakosahaulika. Badilisha maji mpaka karatasi ya pH ikae sawa baada ya kipande kulala ndani usiku mzima, siyo baada ya dakika tano.

Kipande kikitoka vibaya

Kuta zikibomoka kwa ukucha, angalia kwanza muda wa kuchoma na ombwe. Tabaka la oksidi juu ya chembe linazuia shingo kukua. Mipasuko ya mlalo inatoka kwenye kalibu, na mipasuko iliyosambaa bila mwelekeo inatoka kwenye oveni iliyopandishwa haraka. Upande mmoja mzito kuliko mwingine ni mchanganyiko. Uwazi ukiwa sahihi lakini nguvu ya mgandamizo ikawa juu kuliko ulivyotegemea, fikiria oksijeni kwa ugumu wake kabla ya kumlaumu aliyepima, na upeleke kipande kimoja kikapimwe kemikali. Uwazi ukishuka sana kuliko hesabu, kuna uwezekano kijaza nafasi kilianza kuondoka baada ya kukipima, kabla hujakishindilia, na hilo utalijua kwa kulinganisha uzito wa kipande kilichoshindiliwa na namba uliyoiandika kwenye daftari.